Nani Aliyeamua Kidatu? Uhakiki wa Upimaji wa Sauti kwa Analogi na kwa Dijitali

Ikisiri

Makala haya yanahakiki njia mbili za kutambua kidatu cha sauti, ya analogi na ya dijitali, kwa kurejelea vipimo vya muziki na lugha za Uganda, Rwanda na Kongo. Hoja yake ni kwamba tofauti kubwa kati ya njia hizi haimo katika wingi wa tarakimu, bali katika mahali unapokaa uamuzi wa mpimaji: mbele ya macho ya msomaji au ndani ya mpangilio wa programu. Jambo hilo lina uzito kwa hifadhi za sauti, kwa utafiti wa toni na kwa ufundishaji wa ala za asili.

Utangulizi

Katika mijadala ya taaluma za sauti, neno "dijitali" limepata heshima ambayo halikuitolea jasho. Anayewasilisha mchoro uliotoka kwenye kompyuta huulizwa maswali machache kuliko anayesema kwamba alisikiliza, akalinganisha, akaandika. Kwa upande wa pili wapo wanaoikumbuka mitambo ya kale kwa mapenzi, wakidai kwamba mashine ya analogi ilikuwa mwaminifu zaidi kwa kuwa iliubeba mtetemo wenyewe bila kuukatakata kuwa namba. Pande zote mbili zinabishana juu ya chombo. Makala haya yanauliza swali jingine: katika kila njia, ni nani aliyeamua kwamba sauti hii ina kidatu hiki, na je, uamuzi huo unaweza kuonekana na kupingwa?

Swali hili si la mafundi mitambo peke yao. Washauri wa sera huombwa kupitisha bajeti za kuhamishia rekodi za zamani kwenye kompyuta, kununua vifaa vya maabara za isimu na kuidhinisha ala za kufundishia shuleni. Katika kila moja ya kazi hizo kuna kidatu kinachopimwa na mtu au kitu fulani.

Kinachopimwa

Kidatu hakimo hewani. Hewani mna mtetemo, nao huhesabika kwa hezi, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Kidatu ni kile ambacho sikio na akili ya msikilizaji hukifanya kutokana na mtetemo huo. Mara nyingi viwili hivi huenda pamoja, ndiyo maana tunavichanganya. Lakini tuchukue simu ya mezani. Haipitishi mitetemo iliyo chini ya hezi 300 hivi, ilhali sauti ya mwanamume mzima katika mazungumzo huwa karibu na hezi 120. Mtetemo wake wa msingi haufiki kabisa kwenye sikio letu, na bado hatumdhanii kuwa ni mtoto. Akili hukijenga kidatu kutokana na mitetemo ya juu iliyosalia, kwa kuwa yote ni vizidisho vya ule usiokuwapo.

Hapa ndipo chombo cha analogi cha aina ya kawaida kilipokwama. Chombo hicho huchuja sauti ili ubaki mtetemo wa chini kabisa, kisha huhesabu mawimbi. Ukikipa sauti ya simu, kitahesabu kitu kingine au kisihesabu chochote. Programu ya kompyuta, kwa kulichukua wimbi na kulilinganisha na nakala yake iliyocheleweshwa kidogo kidogo hadi viwili hivyo vifanane, huupata muda wa marudio hata kama mtetemo wa msingi haupo. Kwa jambo hili dijitali ilileta maendeleo ya kweli, na uhakiki usiolikiri hilo hautakuwa wa haki.

Uma hamsini na nne

Alexander Ellis alipopendekeza mwaka 1885 kwamba oktava igawanywe katika senti 1200, alitaka ngazi za muziki za mataifa mbalimbali zilinganishwe bila kulazimishwa kuingia katika majina ya noti za Ulaya. Chombo chake kikuu kilikuwa uma za sauti, yaani vipande vya chuma vyenye meno mawili ambavyo vikigongwa hutoa mtetemo unaojulikana. Hugh Tracey, aliyerekodi muziki sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, ya Kati na ya Kusini, zikiwemo Uganda, Rwanda na Kongo mwaka 1952, alitembea na uma 54. Wa kwanza ulikuwa na hezi 212 na wa mwisho hezi 424, kila mmoja ukiuzidi uliotangulia kwa hezi 4.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ubao wa marimba hugongwa, kisha uma, na sikio huamua kama vinalingana. Visipolingana, huchukuliwa uma unaofuata. Vikikaribiana sana husikika mapigo, yaani sauti hufura na kunywea, na idadi ya mapigo hayo kwa sekunde ndiyo tofauti ya hezi kati ya viwili hivyo. Hakuna umeme wala skrini. Kuna chuma, ubao na mtu, na mara nyingi pia fundi wa ala aliyesimama kando, anayeweza kusema kwamba ubao ule leo haupo sawa.

Ubora wa njia hii ni kwamba udhaifu wake unahesabika na yeyote. Hezi 4 zilizo kati ya uma wa 212 na wa 216 ni senti 32 hivi. Hezi 4 zilizo kati ya 420 na 424 ni senti 16 tu. Kwa hiyo mpimaji asiyehesabu mapigo huwa na usahihi maradufu juu ya ngazi kuliko chini yake. Msomaji wa majedwali ya Tracey aliye na kalamu anaweza kuligundua hilo mwenyewe na kuamua ni namba zipi aziamini.

Hata hivyo kuonekana kwa udhaifu hakukumzuia mtu kuusahau. A. M. Jones, katika kitabu chake cha mwaka 1964 kuhusu Afrika na Indonesia, alikusanya vipimo vya marimba za Afrika, vikiwemo vya Tracey, akavilinganisha na vya ala za Indonesia, na kujenga juu yake hoja kwamba watu wa Indonesia waliwahi kukaa Afrika na kuacha muziki wao. Kabla yake Erich von Hornbostel wa Berlin alikuwa amebuni nadharia ya mfuatano wa senti 678, ambayo kwayo alidhani angeweza kueleza ngazi za mabara kadhaa. Manfred Bukofzer aliibomoa miaka ya 1930. Katika mifano yote miwili chombo kilikuwa cha analogi na mpimaji alikuwa makini. Namba zilipokwisha kuandikwa katika jedwali zilisafiri mbali kuliko mazingira yaliyozizaa. Wanaodhani kwamba dhambi ya kuabudu tarakimu ililetwa na kompyuta wamesahau historia ya taaluma yao.

Kalamu inayochora

Kati ya uma na programu palikuwa na mitambo iliyochora kidatu karatasini. Milton Metfessel alichapisha picha za mawimbi ya nyimbo mwaka 1928, na Charles Seeger akaendeleza melografu yake, mashine iliyouandika wimbo kama mstari usiokatika. Kwa nyimbo za koo hilo lilikuwa jambo kubwa, maana mwimbaji hapandi ngazi kama mtu apandaye vidato vya nyumba, huteleza. Mchango wa Seeger unaodumu lakini ni ule wa mwaka 1958, alipotenganisha maandishi ya muziki yanayoeleza kilichosikika na yale yanayoelekeza kitakachopigwa. Nitaurudia utengano huo nitakapofika kwenye simu ya mkononi.

Programu na mipangilio yake

Kwa wanaisimu wa ukanda huu chombo cha kila siku ni Praat, programu ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Ni ya bure, ni imara, na mbinu aliyoieleza Boersma mwaka 1993 bado ni miongoni mwa zinazotegemewa. Lakini kabla haijatoa namba hata moja, programu inahitaji kuambiwa kidatu kitafutwe kati ya wapi na wapi. Kwa muda mrefu amri yake ya kutafuta kidatu ilipendekeza hezi 75 kuwa kiwango cha chini na 600 kuwa cha juu. Hayo ni mapendekezo ya busara. Ila mzee mwenye sauti nzito inayokwaruza mwishoni mwa sentensi hushuka chini ya 75, na hapo programu hufanya moja kati ya mambo mawili: husema hakuna sauti, au huruka oktava moja juu na kuchora kidatu ambacho hakikusikiwa na mtu.

Tulitazame hilo kwa Kiswahili chenyewe. "Amekuja" ya taarifa na "Amekuja?" ya swali hutofautishwa na kiimbo peke yake. Sehemu inayobeba habari ni silabi za mwisho, na silabi za mwisho za taarifa ndizo ambazo wazungumzaji wengi huzitamka kwa sauti iliyofifia au iliyokwaruza. Kwa maneno mengine, chombo kina uwezekano mkubwa wa kukosea palepale tunapokihitaji zaidi. Mtafiti akisikiliza atagundua mara moja kwamba mstari umeruka. Akikabidhi faili mia tatu kwa programu na kupokea wastani, hatagundua.

Tarakimu nazo zinastahili kukaguliwa. Njia rahisi ya kidijitali ni kuchukua kipande cha rekodi na kukitenganisha katika mitetemo inayokiunda. Rekodi ikiwa na sampuli 44,100 kwa sekunde na kipande kikiwa cha sampuli 2048, hatua kati ya mtetemo mmoja unaopimika na unaofuata ni hezi 21.5 hivi. Karibu na hezi 220 pengo hilo linazidi senti 160. Yaani kompyuta, ikitumiwa hivyo bila hesabu za ziada, ni butu mara tano kuliko mfuko wa uma wa Tracey. Kwa kweli zipo hesabu za ziada, na zinafanya kazi vizuri. YIN, iliyochapishwa na Alain de Cheveigné na Hideki Kawahara mwaka 2002, ni mojawapo ya njia zinazokwepa tatizo hili. Ninalosema ni kwamba msomaji wa makala inayotaja "hezi 221.37" hana njia ya kujua kama tarakimu mbili za mwisho zilipimwa au zilikisiwa, isipokuwa mwandishi amwambie.

Ugumu unazidi tukihama kutoka koo kwenda mti. Karibu programu zote hizi zinadhani kwamba mitetemo ya juu ya sauti ni vizidisho kamili vya ule wa msingi: mara mbili, mara tatu, mara nne. Kwa uzi na kwa koo dhana hiyo inafaa. Ubao wa marimba hauitii. Ubao ulio sawa kote una mtetemo wa pili ulio takribani mara 2.76 ya ule wa kwanza, na fundi akiuchonga katikati au kwenye ncha, uwiano huo hubadilika. Mbao 12 za amadinda ya Buganda, zilizochongwa kwa mti wa lusambya na kulazwa juu ya migomba, huipa programu sauti fupi isiyo na marudio kamili, na programu hulazimika kuchagua. Likembe ya Kongo nayo huvishwa pete za chuma kwenye ndimi zake ili ivume, na mvumo huo ambao kwa mpigaji ni uhai wa ala, kwa algorithimu ni kelele.

Watafiti wa Ghent, Joren Six na Olmo Cornelis, walilijua tatizo hili walipotengeneza Tarsos kwa ajili ya rekodi za Afrika ya Kati zilizohifadhiwa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Programu yao huhesabu kila kidatu kimetokea mara ngapi na kuchora vilima. Kilele cha kila kilima ndicho hatua ya ngazi. Sifa yake kubwa kwa maoni yangu ni kwamba humruhusu mtafiti kubadilisha mbinu ya utambuzi na kuyasikiliza matokeo yake, akilinganisha na rekodi yenyewe. Udhaifu wake umo katika kukunja oktava zote kuwa moja ya senti 1200. Ala ambayo oktava zake ni pana au finyu kidogo, ama kwa makusudi ya fundi au kwa ukavu wa mti, itaonekana kuwa na vilima vilivyotandazika, na msomaji atadhani mpigaji hakuwa na uhakika.

Mitandao ya neva bandia imeleta hatua nyingine. CREPE ya mwaka 2018 hujifunza kutoka kwa mifano badala ya kuambiwa kanuni, na matokeo yake ni mazuri mno. Mifano iliyofundishiwa ilikuwa muziki uliotengenezwa upya kwa kompyuta ili kidatu chake kijulikane kikamilifu. Katika mifano hiyo ennanga, amadinda na sauti ya mtamba wa Kinyarwanda hazikuwamo. Uamuzi wa kidatu hapa haumo tena katika mpangilio ambao mtafiti angeweza kuusoma. Umesambaa katika mamilioni ya namba ambazo hata waliozitengeneza hawawezi kuzieleza moja moja.

Simu ya fundi

Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda, aliandika katika jarida la Nature mwaka 1950 kuhusu ennanga, kinubi cha Buganda, ambacho nyuzi zake zilikuwa zimepangwa kwa hatua zinazokaribia kulingana. Hatua tano sawa katika oktava ni senti 240 kila moja. Tuchukue ala iliyopangwa hivyo barabara na tuipime kwa programu ya bure ya simu, ya aina wanayotumia wapiga gitaa, tukianza na uzi unaoafiki noti mojawapo ya piano. Programu hiyo inajua noti 12 tu, zilizopangwa kwa senti 100. Uzi wa pili, wa senti 240, itauita noti ya 200 iliyozidi kwa senti 40. Wa tatu itauita upungufu wa 20, wa nne ziada ya 20, wa tano upungufu wa 40. Ala iliyopangwa kama alivyotaka mwenyewe itakuwa na uzi mmoja tu wenye taa ya kijani.

Hapo ndipo utengano wa Seeger unapokuwa na makali. Chombo kilichoundwa kueleza kimegeuka kuelekeza. Mwalimu wa shule asiye na mlezi wa ala pembeni atauzungusha uzi mpaka taa nyekundu izimike, na hatajua kwamba ameifuta ngazi moja na kuiweka nyingine. Kwa haki, simu haikuanzisha jambo hili: adungu ya Waalur ilikwisha kupangwa kwa ngazi ya Ulaya katika makanisa na shule kabla ya simu janja kuwapo. Tofauti ni kwamba wakati ule mtu alichagua, na angeweza kuulizwa kwa nini. Wakaguzi wa mitaala wanaoagiza ala kwa mamia wangefaa kuuliza katika hati ya zabuni ala hizo zimepangwa kwa kufuata nini.

Toni isiyoandikwa

Kinyarwanda na Kirundi hutofautisha maana kwa toni, lakini maandishi yao ya kawaida hayaionyeshi. Kwa hiyo rekodi ndiyo hati pekee ya toni, na chochote kinachoipotosha rekodi kinapotosha hati. Katika matumizi haya wingi wa maelezo ya kidijitali unaweza kuwa mzigo. Konsonanti ghuna huivuta sauti chini kwa kitambo kidogo, na programu huchora bonde. Msikilizaji mzawa halisikii bonde hilo kama toni. Analijua kuwa ni alama ya konsonanti. Mchoro unaonyesha kitu cha kweli kifizikia ambacho kilugha hakipo. Kulitenganisha bonde la konsonanti na bonde la toni ni kazi ya mtu anayeijua lugha, na bajeti ya mradi inayonunua kompyuta bila kumlipa mtu huyo imenunua nusu ya chombo.

Nta, utepe na faili

Jan Czekanowski alirekodi nyimbo Rwanda mwaka 1907 na 1908 kwa silinda za nta, na Hornbostel akazichapishia uchambuzi mwaka 1917. Hifadhi ya Berlin iliwaelekeza wasafiri wake wapulize kipenga cha sauti inayojulikana mwanzoni mwa rekodi. Sababu ilikuwa rahisi. Silinda ikizungushwa kasi zaidi, kila kidatu hupanda. Kipenga kikirudishwa mahali pake, vyote hurudi. Hao watu wa analogi walijua kwamba chombo chao kingedanganya, wakatia ushahidi dhidi yake ndani ya rekodi ileile.

Kosa la kasi la asilimia 3 huhamisha kidatu kwa senti 51. Likiwa la kudumu, nafasi kati ya noti hazibadiliki, na mtafiti wa ngazi anaweza kuwa salama. Lakini anayetafuta kama ala za kasri zilishikilia kidatu kimoja kizazi hata kizazi atapotoka. Mashine ikilegea katikati ya wimbo, hata ngazi huharibika. Dijitali haikuondoa ugonjwa huu, imeubadilisha sura tu. Faili la sampuli 48,000 kwa sekunde likisomwa kana kwamba ni la 44,100 hushuka kwa senti 147 hivi, zaidi ya nusu ya hatua ya ennanga, tena bila mkwaruzo wowote wa kumshtua msikilizaji.

Nakala za rekodi za Wachsmann zimerudi Makerere, na mwaka 2021 Rwanda ilikabidhiwa na Ubelgiji nakala za kidijitali za rekodi zake zilizokuwa Tervuren. Ni habari njema. Lakini kilichorudi ni namba zilizotolewa kwenye utepe na santuri na mtu fulani, kwa mashine fulani, kwa kasi aliyoiamua yeye. Mikataba ya kurudisha rekodi inapaswa kudai kumbukumbu ya uamuzi huo kwa kila faili: mashine, kasi, marekebisho yaliyofanywa, na kama kulikuwa na sauti ya kulinganishia. Inapaswa pia kudai kwamba utepe wa asili usitupwe kwa kisingizio kwamba nakala ipo, kwa kuwa kosa la kasi likigunduliwa baadaye ni utepe huo peke yake utakaoweza kulithibitisha.

Kwa majarida na mijalada yetu sisi wenyewe sharti ni dogo zaidi na halihitaji fedha. Mwandishi anayechapisha vidatu ataje programu na toleo lake, kiwango cha chini na cha juu alichotafutia, urefu wa kipande, na ni rekodi ngapi alizisikiliza kwa sikio lake kuhakiki mstari. Sentensi mbili zinatosha. Tracey aliitaja idadi ya uma zake na hezi zake, ndiyo maana leo tunaweza kumpinga.